Hawthorn: Kiti Kilichodhaniwa Salama

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokubali kusimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Usiku wa Novemba 24, 2018, John Pesutto alikuwa studioni mwa ABC, shirika la utangazaji la taifa la Australia, mjini Melbourne. Alialikwa kuchambua matokeo ya uchaguzi wa Jimbo la Victoria kwa niaba ya chama chake, Liberal, ambacho licha ya jina ni cha mrengo wa kulia. Alikuwa mwanasheria mkuu kivuli, na wengi walimtaja kuwa kiongozi wa kesho wa chama hicho. Hesabu zilipoanza kuingia, ikaonekana kwamba kiti kimoja ambacho hakuna aliyekuwa na shaka nacho kilikuwa kinaponyoka. Kiti chenyewe kilikuwa Hawthorn, eneo bunge la Pesutto. Jimbo zima likamtazama mtu akipoteza kazi yake mbele ya kamera, naye akaendelea kuketi pale na kuchambua kwa utulivu. Ilichukua siku kadhaa kumaliza kuhesabu. Mwishowe alishindwa kwa kura 330.

Jioni hii nataka kuzungumzia historia ya kiti hicho na kinakoelekea. Najua mtaniuliza: sisi na kitongoji cha matajiri cha Melbourne, wapi na wapi? Nitajibu kikamilifu nikifika kwenye kampeni ya 2018, kwa sababu kampeni ile ilitumia sura za watu wetu kutafutia kura. Kwa sasa shikeni hoja yangu moja. Kiti huwa salama pale ambapo chama na wakazi wanafanana tabia. Chama kikibadilika tabia, usalama unayeyuka, hata kama hakuna mkazi aliyehama mtaa. Hayo ndiyo yaliyotokea Hawthorn, na ndiyo yatakayoamua uchaguzi wa Novemba 28, 2026.

Kwanza tujue mahali penyewe. Hawthorn iko mashariki ya katikati ya jiji la Melbourne, ng'ambo tu ya Mto Yarra, safari fupi ya tramu. Kuna barabara ya Glenferrie yenye maduka na mikahawa, kuna Chuo Kikuu cha Swinburne, kuna shule za kulipia za watu wenye uwezo, na nyumba za kale za matofali yaliyochomwa papo hapo, maana Hawthorn ilisifika kwa viwanda vya matofali. Ukielekea mashariki unaingia Camberwell na Canterbury, kwenye bustani pana na miti mikubwa. Lakini karibu na stesheni za treni kuna magorofa ya kupanga yaliyojaa wanafunzi, wauguzi na vijana wa kazi za ofisini. Wanaoiita Hawthorn mtaa wa matajiri tu wanawasahau hawa wapangaji, na chama cha Liberal nacho kiliwasahau.

Victoria ina bunge lake, serikali yake na waziri mkuu wake, chini ya shirikisho la Australia. Bunge la chini lina viti 88, kila kimoja kikiwa na wapiga kura kama elfu hamsini hivi. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kwa tarehe iliyowekwa na sheria. Kupiga kura ni lazima, na imekuwa hivyo kwa chaguzi za jimbo tangu sheria ya 1926. Asiyepiga kura bila sababu hutozwa faini. Kwa hiyo mikakati mingi tunayoijua sisi, ya kusafirisha watu kwa mabasi au kuombea wafuasi wa mpinzani wabaki nyumbani, haina nafasi pale.

Tofauti kubwa zaidi ni namna kura inavyopigwa. Kenya na Tanzania mgombea ubunge anayeongoza huchukua kiti, hata akiwa na asilimia 30 tu. Victoria mpiga kura huwapanga wagombea wote kwa nambari: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, hadi wa mwisho, na akiruka mmoja kura yake inaharibika. Kama hakuna aliyevuka nusu, mgombea wa mkiani anaondolewa, na karatasi zake zinagawiwa wale walioandikiwa nambari 2. Zoezi linaendelea hivyo mpaka mmoja avuke nusu. Maana yake, mgombea wa Liberal anaweza kuongoza kwa kura za kwanza kwa umbali mrefu na bado ashindwe, ikiwa wengi wa waliochagua wengine walimweka chini. Mkilielewa hili, mmeielewa nusu ya historia ya Hawthorn.

Na kipimo cha usalama? Mtaalamu wa siasa Malcolm Mackerras aliwazoesha Waaustralia, tangu 1972, kupanga viti kwenye mchoro wa pendulamu. Pengo likiwa chini ya asilimia 6, kiti ni cha ushindani. Kati ya 6 na 10 ni salama kiasi. Zaidi ya 10 ni salama. Pengo la 8.6 maana yake ni kwamba wapiga kura 8.6 katika kila 100 wangepaswa kuhamia upande wa pili ili kiti kianguke. Hilo ndilo lililokuwa pengo la Pesutto baada ya ushindi wake wa kwanza mwaka 2014, mwaka ambao serikali ya chama chake ilikuwa imeangushwa. Kwa hiyo hata pepo zilipovuma kinyume, Hawthorn ilibaki na pengo la kutosha, na hakuna mwanasiasa mwenye akili ambaye angetumia senti zake kujaribu kuiteka.

Twende nyuma sasa. Eneo bunge la Hawthorn liliundwa mwaka 1889. Jina kubwa la kwanza ni William McPherson, mfanyabiashara wa vyuma aliyelishikilia tangu 1913 hadi 1930, na akawa waziri mkuu wa Victoria kati ya 1928 na 1929. Alikuwa mtu wa kubana matumizi ya serikali, lakini wa kufungua mfuko wake mwenyewe: alitoa pauni 25,000 kujenga chuo cha maarifa ya nyumbani cha wasichana kilichopewa jina la mkewe, Emily. Namtaja kwa sababu tabia ya kisiasa ya Hawthorn inaonekana kwake waziwazi: ubahili kwenye fedha za umma, na dhamira ya kijamii kwenye maisha binafsi. Wapiga kura wa pale wameendelea kumtafuta mtu wa namna hiyo kwa miaka mia moja.

Msidhani, hata hivyo, kwamba waliwahi kuwa mali ya chama. Mwaka 1940 walimchagua mgombea huru, Leslie Hollins, mfuasi wa nadharia ya mikopo ya kijamii iliyozaliwa na dhiki ya miaka ya thelathini na kudai mfumo mzima wa kutoa fedha ubadilishwe. Akakaa hadi 1945. Leo watu wanapozungumzia wagombea huru wa Melbourne kana kwamba ni kitu kilichoanguka juzi kutoka angani, mimi huwakumbusha Hollins. Kisha mwaka 1952, John Cain mkubwa alipokipa chama cha Labor, kile cha mrengo wa kushoto chenye mizizi katika vyama vya wafanyakazi, ushindi mkubwa jimboni, Hawthorn nayo ikaenda Labor, kwa Charles Murphy. Wakati huo bado kulikuwa na nyumba ndogo za wafanyakazi kwenye sehemu za chini karibu na mto.

Ushindi ule haukudumu. Mwaka 1955 Labor ilipasuka vibaya kuhusu ukomunisti na nguvu za Wakatoliki ndani ya vyama vya wafanyakazi. Murphy akafuata kundi la waliojitenga, na uchaguzi ulipofika kiti kikarudi upande wa Liberal. Mpasuko ule uliiadhibu Labor kote Victoria kwa sababu waliojitenga waliunda chama chao, na wafuasi wao wakawa wanaandika nambari 2 kwa Liberal. Ule mfumo wa nambari niliowaeleza ukawa nyundo. Liberal wakatawala jimbo mfululizo tangu 1955 hadi 1982, miaka 27.

Kwa Hawthorn, ukimya ulikuwa mrefu zaidi: miaka 63 bila Labor kuonja kiti. Walter Jona alikikalia tangu 1964 hadi 1985. Alikuwa na mkono mkubwa katika kamati ya bunge ya usalama barabarani, na kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1970 ya kulazimisha kufunga mkanda garini, ya kwanza duniani. Kila mnapofunga mkanda kwenye matatu, kuna sehemu ya jambo hilo iliyopitia mikononi mwa mbunge wa Hawthorn. Akafuata Phil Gude, waziri wa elimu katika serikali ya Jeff Kennett. Mwaka 1999 akaingia Ted Baillieu.

Baillieu alitoka familia kubwa ya Melbourne, msanifu majengo kwa taaluma, mwenye msimamo wa wastani katika mambo ya kijamii. Mwaka 2010 aliiangusha Labor kinyume cha matarajio ya wengi, viti 45 kwa 43, akawa waziri mkuu. Wembamba wa wingi huo ulimtesa, na Machi 2013 alijiuzulu uwaziri mkuu huku chama chake kikivutana. Mnaona mfululizo? McPherson, Baillieu, na baadaye Pesutto kama kiongozi wa upinzani. Kiti salama hakimpi chama kura moja tu bungeni. Kinakipa mahali pa kulelea viongozi, watu wanaoweza kufikiri miaka kumi mbele bila kulazimika kulala wakihesabu kura za kijijini. Kwa hiyo chama kinapopoteza kiti cha aina hii, hasara yake haipimwi kwa kiti kimoja.

Sasa 2018, na hapa nitakaa.

Kwa miaka miwili hivi kabla ya uchaguzi ule, magazeti na wanasiasa wa mrengo wa kulia walikuwa wamejaza hewa ya Melbourne neno moja: magenge ya Waafrika. Kulikuwa na vijana waliofanya uhalifu, na kuna watu walioumizwa kweli, hilo sitalificha. Lakini takwimu za jimbo lenyewe zilionyesha kwamba wengi mno wa watuhumiwa walikuwa wazaliwa wa Australia. Haikusaidia. Januari 2018, Peter Dutton, waziri wa mambo ya ndani wa shirikisho, alisema redioni kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kutoka usiku kwenda mikahawani kwa sababu ya magenge hayo. Matthew Guy, kiongozi wa Liberal jimboni, akaijenga kampeni yake juu ya sheria na utulivu.

Nani waliokuwa wakisemwa? Hasa Waaustralia wenye asili ya Sudan Kusini. Wengi wao ni watu waliofika Australia kwa mpango wa wakimbizi baada ya miaka mingi Kakuma, pale Turkana. Wapo miongoni mwao waliosoma shule za msingi kwa mtaala wa Kenya, na Kiswahili wanakizungumza. Akina mama walioponea vita, wakavuka mpaka kwa miguu, wakalea watoto kwenye hema, wakafika Melbourne, kisha watoto wao wakaanza kufuatwafuatwa na walinzi kila wanapoingia duka la nguo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu lilifanywa na watu waliojua wanachokifanya. Hofu ya mtoto mweusi ilipigiwa hesabu kama mtaji wa uchaguzi.

Halafu, wiki mbili kabla ya kura, Novemba 9, mtu mmoja mzaliwa wa Somalia akachoma watu kisu katika mtaa wa Bourke, katikati ya jiji, akamuua mzee mmoja mwenye mkahawa aliyependwa na jiji zima. Ikiwa hofu ilikuwa na nguvu ya kuleta kura, huu ndio ulikuwa wakati wake.

Haikuleta. Labor ya Daniel Andrews, waziri mkuu wa jimbo, ilipata viti 55 kati ya 88. Na kilichowashangaza wachambuzi ni mahali kura zilikohama: vitongoji vya mashariki, vya watu wenye elimu na mali, ambavyo Liberal walivihesabu kuwa vyao. Kule Brighton, kitongoji tajiri cha ufukweni, kijana wa miaka 19 wa Labor asiyekuwa na bajeti ya maana nusura ashinde. Hawthorn ikahama kwa asilimia 9 na kumpa kiti John Kennedy, mwalimu mkuu mstaafu mwenye umri wa miaka 71, aliyekuwa akiishi kwenye makazi ya wazee. Chama chake mwenyewe hakikuwa kimemtarajia bungeni.

Naona mkono. Ndiyo, dada... Anauliza kama kweli wakazi wa Hawthorn walipiga kura kwa ajili ya kuwatetea Wasudan Kusini. Hapana, nisiwapambe. Waafrika ni wachache sana Hawthorn, na mpiga kura wa kawaida alikuwa anafikiria treni, shule na hospitali, na Andrews alikuwa akionekana anajenga: vivuko vya reli viliondolewa, madaraja yakapanda. Pia, Agosti ile ile, Liberal wa shirikisho walimng'oa Malcolm Turnbull, waziri mkuu wa msimamo wa wastani, na hasira ya tendo hilo ilikuwa bado mbichi. Oktoba, kiti cha Turnbull mwenyewe cha Wentworth, Sydney, kikachukuliwa na mgombea huru katika uchaguzi mdogo. Kwa hiyo sababu zilikuwa nyingi. Ninachosema ni hiki: kampeni ya hofu iliwaambia wakazi wa Hawthorn kwamba chama walichokizoea kimekuwa kitu kingine. Mtu aliyekuwa akikipigia kura kwa sababu ya umakini wa fedha na heshima ya watu alikitazama, asikitambue. Chama kilikuwa kinazungumza na watu wa mbali, kwa lugha iliyomtia aibu yeye wa karibu.

Ubaya ni kwamba aliyeadhibiwa alikuwa Pesutto, mmoja wa watu wa wastani chamani. Mwana wa wahamiaji wa Kiitalia, mwanasheria, mpole wa maneno. Mpiga kura hana namna ya kumwadhibu kiongozi wa chama isipokuwa kwa kumwondoa mbunge wa mtaani kwake. Matokeo yake, viti vinavyoanguka kwa hasira ya watu wa wastani ni vile vyenye wabunge wa wastani, na wanaobaki bungeni ni wale wa viti ambako maneno makali hayana gharama. Chama kinazidi kusogea kule kule kulikokiangusha. Kwa miaka minne Liberal ya Victoria ilibadilisha viongozi, kutoka kwa Guy kwenda kwa Michael O'Brien na kurudi tena kwa Guy, huku mtu ambaye wengi walimwona ndiye dawa akiwa nje ya bunge.

Mei 2022 likaja pigo la pili, safari hii ngazi ya shirikisho. Mitaa ya Hawthorn imo ndani ya eneo bunge la shirikisho la Kooyong, kiti cha Robert Menzies, mwasisi wa chama cha Liberal, aliyekishika tangu 1934 hadi 1966. Mwaka ule kilishikiliwa na Josh Frydenberg, waziri wa fedha wa taifa. Akaangushwa na Monique Ryan, daktari wa watoto, mgombea huru aliyekuja na mambo matatu: tabianchi, uadilifu serikalini na heshima kwa wanawake. Alisaidiwa na maelfu ya majirani waliojitolea kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na kwa fedha za Climate 200, mfuko wa kuwachangia wagombea huru wa aina yake. Rangi yao ya buluu-kijani ilijaa kwenye nyua za nyumba ambazo babu wa wenye nyumba walimpigia kura Menzies.

Miezi sita baadaye, Novemba 26, 2022, ilikuwa zamu ya uchaguzi wa jimbo. Pesutto alirudi kuomba kiti chake. Mbele yake alikuwa Kennedy wa Labor, na pia Melissa Lowe, mgombea huru wa mkondo ule ule wa Ryan, aliyekuwa mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Swinburne. Pesutto alishinda, kwa tofauti ndogo. Lowe na wenzake wote wa mkondo huo waliambulia patupu katika jimbo zima. Kwa nini Mei waliweza na Novemba wakashindwa? Hasira dhidi ya serikali ya Liberal ya shirikisho ilikuwa imetimiza kazi yake, na jimboni waliokuwa madarakani ni Labor. Kura za waliomkataa Pesutto ziligawanyika kati ya kambi mbili zilizokaribiana. Na kulikuwa na suala la fedha: sheria ya Victoria ya 2018 iliweka kikomo cha dola elfu nne na ushee kwa mchango wa mtu mmoja kwa miaka minne, lakini ikaviachia vyama vikubwa mlango kupitia mashirika yao ya uwekezaji. Wagombea huru walililalamikia hilo hadi mahakamani, na kwa maoni yangu malalamiko yao yalikuwa ya haki. Sheria ya kuzuia fedha chafu haipaswi kuwa ukuta wa kuwalinda waliokwisha ingia ndani.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha, nami nitayapitia haraka. Desemba 2022 Pesutto alichaguliwa kiongozi wa upinzani, kwa kura moja tu zaidi ya Brad Battin. Machi 2023, mbunge mwenzake Moira Deeming alishiriki mkutano wa hadhara nje ya bunge kuhusu haki za wanawake na watu waliobadili jinsia, na kundi la Wanazi mamboleo likajitokeza pale. Pesutto akataka Deeming afukuzwe kwenye kundi la wabunge wa chama. Deeming akamshtaki kwa kumharibia jina, na Desemba 2024 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba kweli alimkashifu, ikamwamuru alipe dola 300,000. Kabla ya mwaka kwisha uongozi ukaenda kwa Battin, na Deeming akarudishwa. Kisha ikaja gharama ya kesi, zaidi ya dola milioni 2. Angeshindwa kulipa angetangazwa mufilisi, na mufilisi hawezi kuwa mbunge, kwa hiyo Hawthorn ingeingia kwenye uchaguzi mdogo. Juni 2025 chama kikaidhinisha mkopo wa kumwokoa. Kwa wiki kadhaa, hatima ya kiti cha wapiga kura elfu hamsini ilining'inia kwenye salio la benki la mtu mmoja.

Sasa tutazame mbele. Labor imetawala Victoria tangu 2014, na chini ya Jacinta Allan, aliyempokea Andrews Septemba 2023, inaomba muhula wa nne. Deni halisi la jimbo limepita dola bilioni 150 za Australia. Hilo linauma Hawthorn kuliko kwingineko, kwa sababu umakini wa fedha ndio msingi wa siasa ya pale tangu McPherson. Kama uchaguzi ungekuwa wa deni peke yake, ningesema kiti hiki kimerudi kuwa cha Liberal bila wasiwasi.

Lakini kuna suala la nyumba. Serikali imepanga kujenga magorofa mengi kuzunguka stesheni na vituo vya biashara, na Camberwell Junction ni miongoni mwa sehemu kumi za kwanza. Wenye nyumba za bustani wanapinga kwa nguvu, na Liberal wengi wamesimama nao. Hapa naona mtego. Anayepinga anapiga kura leo, ni kweli, lakini yule mpangaji wa Glenferrie mwenye miaka 30, ambaye hatamudu kununua hata chumba kimoja katika mtaa aliokulia, naye anapiga kura leo, kwa lazima ya sheria. Chama kinachomwambia kwamba urefu wa jengo ni tishio kubwa kuliko kodi yake ya nyumba kinamtupa mtu kinayemhitaji kwa miaka 40 ijayo. Mimi niko upande wa huyo mpangaji, na sioni sababu ya kuficha.

Jambo la pili ni uongozi. Novemba 2025 Liberal walimweka Jess Wilson kuwa kiongozi, mwanamke wa kwanza kuongoza chama hicho Victoria. Ni mbunge wa Kew, na mtaa wa Kew na ule wa Hawthorn vinatenganishwa na barabara ya Barkers tu. Aliingia bungeni mwaka 2022, ni wa kizazi kipya, na amejikita kwenye uchumi. Kwa mara ya kwanza tangu Baillieu, mpiga kura wa Hawthorn anaombwa kumpa serikali mtu anayefanana na jirani yake. Naamini hili lina uzito kuliko kampeni yoyote ya mtaani. Lakini lina sharti: kundi lililomwangusha Pesutto kwenye uongozi bado lipo chamani, na likianza kumvuta Wilson kuelekea kwenye vita vya utamaduni na magenge, mwaka 2018 utajirudia. Uhalifu wa vijana umeshaanza tena kuwa mada kuu ya siasa za Victoria. Jinsi chama kitakavyoizungumzia, na kama kitaweka tena rangi ya ngozi juu yake, ndicho kitu nitakachokitazama kwanza.

La tatu ni mgombea huru. Ryan aliitetea Kooyong Mei 2025 kwa tofauti ndogo sana ya kura, katika mwaka ambao Liberal walichapwa vibaya nchi nzima. Hiyo yaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mkondo wake haujakauka, na Liberal bado wana mizizi mirefu katika mitaa hii.

Mkiniuliza makisio, nasema Liberal ndio wanaopewa nafasi kubwa zaidi Hawthorn, ila kiti hiki hakistahili tena kuitwa salama kwa kipimo cha Mackerras wala kingine chochote. Usiku ule wa Novemba 28 msitazame nani anaongoza kwa kura za kwanza, kwa sababu karibu hakika atakuwa Liberal. Angalieni kwanza kama amefika karibu na asilimia 45. Akifika, pengine imekwisha. Akiwa chini ya 40 na ushee, geuzeni macho kwa anayeshika nafasi ya pili. Ikiwa wa tatu ni Labor, kura zake kwa wingi zitamwendea mgombea huru, na hapo kiti kiko hatarini. Ikiwa wa tatu ni mgombea huru, baadhi ya wafuasi wake ni Liberal wa zamani walionuna, na sehemu yao itarudi nyumbani kwa nambari 2. Tume itatangaza mpangilio huo usiku ule ule kwa vituo vingi, kisha itaendelea kuhesabu kura za mapema na za posta kwa siku kadhaa, na kwa Hawthorn msifunge redio kabla hizo hazijaisha.

Haya, mkono wa kwanza ulikuwa wa yule kaka wa dirishani.